Mkono wa gia wa Camaro ya 1969: kazi yenyewe iko chini ya sakafu

Aliyeagiza Chevrolet Camaro ya otomatiki mwaka 1969 bila kulipia konsoli ya katikati alipewa mkono wa gia ubavuni mwa usukani. Kiufundi mkono huo haukuwa na kasoro. Kasoro yake ilikuwa ya hadhi: gari la milango miwili, boneti ndefu, injini ya V8 inayotetemesha vioo, halafu unatia gia kama dereva wa teksi. Ndiyo maana kung'oa mkono ule na kufunga mwingine sakafuni, wa B&M au wa Hurst, ni kazi ambayo mafundi wa magari haya huko Marekani wameifanya kwa miongo mingi na hawajaichoka.

Muuzaji atakwambia ni kazi ndogo: toboa sakafu, kaza boliti, unganisha kebo, basi. Hajasema uongo, ila amekueleza nusu ya kazi. Mkono wa usukani ulikuwa na majukumu kadhaa, na kuchagua gia lilikuwa mojawapo tu. Huu wa dukani unachukua hilo moja, na mengine yanabaki yakining'inia. Fundi asiyeyajua atakabidhi gari linalotembea vizuri na lililo hatari.

Kwanza tuiweke sawa sababu ya kuutaka. Mwaka 1967 Pontiac GTO yenye otomatiki ya gia tatu ilipata mkono wa Hurst wenye njia mbili. Njia ya kushoto ilikuwa ya kawaida, kuanzia P hadi gia ya chini. Ya kulia ilimwezesha dereva kupandisha gia moja moja bila mkono kuruka kupita kiasi. Tangazo lake lilisema njia moja ni ya bwana na nyingine ya bibi, maneno ambayo leo yasingepita. Mikono ya racheti iliyofuata, kama Pro Ratchet ya B&M, inatumia wazo lilelile: ukisukuma mara moja unapata gia moja, hata kama umesukuma kwa hasira.

Wenye magari husema gari limekuwa jepesi baada ya kufungwa mkono wa namna hii. Sikubaliani nao. Giaboksi ya Turbo Hydra-Matic 350 (TH350), iliyoanza kutumika mwaka wa modeli 1969, ikiwa kwenye D hubadilisha gia kwa kusikiliza gavana inayozunguka na shafti ya kutokea, pamoja na modyuleta inayovutwa na hewa ya injini. Mkono haugusi chochote kati ya hivyo. Anachopata dereva ni uwezo wa kuishikilia gia hadi aamue mwenyewe kuiachia. Kwenye giaboksi yenye uwiano wa 2.52, 1.52 na 1.00, ambamo pengo kati ya gia ya kwanza na ya pili ni kubwa, uwezo huo una maana. Wepesi haumo.

Sasa tuingie chini ya gari. Ubavuni mwa giaboksi, upande wa dereva, kuna shafti fupi iliyofungwa kikono. Kwa ndani shafti hiyo imebeba sahani yenye mapengo, na kigurudumu kidogo kinachosukumwa na springi hudumbukia kwenye pengo moja baada ya jingine: P, R, N, D, gia ya pili, gia ya kwanza. Sahani hiyohiyo inaisukuma vali ya mkono ndani ya mfumo wa mafuta, na ndiyo inayopeleka ulimi wa chuma kwenye meno ya P. Kwa hiyo kinachoamua uko gia gani ni kile kigurudumu. Mkono wa sakafuni nao una mapengo yake. Unapofunga mkono mpya unakuwa na safu mbili za mapengo zilizounganishwa kwa kebo, na kazi nzima ni kuzifanya zikubaliane.

Hapa ndipo wengi hukosea, na hukosea kwa hesabu. Maelekezo husema tia mkono kwenye P, tia kikono cha giaboksi kwenye P, kisha zungusha ncha ya kebo hadi pini iingie tunduni bila kulazimishwa. Fundi anafanya hivyo, pini inaingia kama siagi, anashusha gari. Lakini kebo inasafiri umbali uleule kila hatua, na kikono kinageuza umbali huo kuwa pembe kulingana na urefu wake. Tuseme fundi ameacha kikono cha zamani kwa sababu kilikuwa kimegoma kutoka, na ni kirefu kwa asilimia 10 kuliko kile kilichokuja na mkono mpya. Kila hatua itapungukiwa na asilimia 9 hivi. Kwenye P hakuna kosa. Kutoka P hadi gia ya kwanza kuna hatua tano, na kama zote ni sawa, ukifika mwisho umepungukiwa na asilimia 45 ya hatua moja. Mkono unakwambia uko gia ya kwanza, huku kigurudumu kimekaa karibu na kilele kati ya mapengo mawili, hakijui kiangukie wapi.

Vali nayo inafunika nusu ya tundu lake. Mafuta yanafika kwenye klachi yakiwa na shinikizo dogo, klachi zinateleza, joto linapanda, na baada ya muda mafuta yanatoa harufu ya kuungua. Mwenye gari atailaumu giaboksi kwa kuzeeka.

Kipimo sahihi si kigumu. Tia kila gia, chomoa pini kwenye kila gia, na uangalie kama tundu la kikono limehama hata kidogo. Likihama, kigurudumu kilikuwa kinavutana na kebo. Wengine huanza marekebisho kwenye N badala ya P, ili kosa lolote ligawanyike pande mbili. Inapunguza dalili, lakini kama urefu wa kikono si sahihi, dawa ni kubadilisha kikono.

Upande wa P hauna mzaha hata kidogo. Ulimi usipoingia sawasawa kwenye meno, gari linaonekana limeegeshwa, kisha mtetemo wa injini unalisogeza hadi R. Hilo limewahi kuwa suala la taifa zima: mwaka 1980, baada ya malalamiko ya magari kuhama kutoka P hadi R, Ford ilikubaliana na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani kuwatumia stika za onyo wamiliki wa magari takribani milioni 23 ya miaka ya 1966 hadi 1980. Yale yalikuwa magari yaliyotoka kiwandani. Ukishafunga mkono mwingine, marekebisho ni jukumu lako wewe. Kwa hiyo tia P, lisukume gari mbele na nyuma kwa mkono, na usikie ulimi unavyogonga.

Kwa nini kebo na si fito za chuma? Kwa sababu giaboksi na sakafu havitembei pamoja. Injini inakalia raba, na ukikanyaga mafuta inanyanyuka upande mmoja. Fito ngumu husukuma mwendo huo hadi kwenye mkono, kebo inaumeza. Kwa Camaro hii jambo hilo lina uzito wa pekee: mwishoni mwa 1971 General Motors iliita takribani magari milioni 6.7 ya Chevrolet, zikiwemo Camaro za 1967 hadi 1969, kwa sababu raba za injini zilikuwa zikikatika na injini kuinuka. Anayefunga mkono mpya na asiangalie raba hizo anastahili kurudishiwa gari. Kebo yenyewe haipendi mambo mawili, kona kali na joto la ekzosi. Ipitishe kwa upinde mpana, mbali na bomba, hata kama njia fupi inakuita.

Tundu la sakafuni halina falsafa. Kaa kwenye kiti kama utakavyoendesha, shika mkono ukiwa P kisha gia ya kwanza, hakikisha haugongi redio wala goti, chora, halafu shuka uone chini kuna nini kabla ya kuwasha drili. Pembe za tundu zipakwe rangi zisishike kutu, na pazibwe kwa raba. Hapo chini panapita moshi wenye kaboni monoksidi, na gesi hiyo haina harufu.

Breketi ya kebo hufungwa kwa boliti za sampu ya giaboksi. Unene wake unakula nyuzi, ndiyo maana unapewa boliti ndefu zaidi, na zile za zamani zisirudishwe. Ganda la TH350 ni la alumini. Anayekaza boliti za sampu kama nati za tairi atajifunza kutengeneza nyuzi upya akiwa amelala chali.

Majukumu yaliyoachwa yakining'inia ni ya umeme na ya kufuli. Camaro yenye mkono kwenye usukani ina swichi yake kwenye nguzo ya usukani, inayoruhusu stata kuzunguka ukiwa P au N tu, na inayowasha taa za rivasi. Ukikata fito zinazounganisha nguzo na giaboksi, swichi hiyo haijui tena giaboksi iko wapi. Njia ya mkato ni kuunga waya wa zambarau moja kwa moja, na kuanzia siku hiyo gari litawaka likiwa ndani ya gia. Kanuni ya shirikisho ya Marekani namba 102, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1968, ndiyo iliyoyalazimisha magari mapya kuzuia hilo na kuweka N kati ya R na gia za mbele. Miaka michache kabla, mwanaharakati wa usalama wa magari Ralph Nader alikuwa ameushambulia mpangilio wa zamani ulioweka R karibu na gia ya chini. Mkono mpya huwa na nafasi ya swichi ndogo. Waya wa stata upitie hapo, na swichi ikiwa ndogo mno kwa mkondo huo, weka rilei. Kisha zuia matairi, kanyaga breki, na ujaribu kuwasha kwenye kila gia.

Kizuizi cha R, kinachozuia mkono kuingia R kwa bahati mbaya, nacho kisiondolewe eti kwa kuwa kinachelewesha kuegesha. Kwenye mkono wa racheti unapandisha gia kwa kusukuma mbele, na mbele ya D kuna N, mbele ya N kuna R. NHRA, wasimamizi wa mbio za robo maili, hawaruhusu otomatiki bila kizuizi hicho.

Kilichobaki ni ufunguo, na hapa naona kazi nyingi nzuri zikiharibika. Mwaka 1969 General Motors ilihamisha ufunguo kutoka kwenye dashibodi hadi kwenye nguzo ya usukani, ikaufungamanisha na gia: kufuli ya usukani haikubali hadi gari liwe P. Fito zikiondoka, kikono cha chini ya nguzo kinabaki huru, na ufunguo unaweza kugoma kutoka. Wengi hukifunga kwa waya kwenye P. Ufunguo sasa unatoka, lakini pia unaweza kuzungushwa hadi kwenye kufuli gari likiwa kasi ya barabara kuu, usukani ukajifunga.

Camaro zilizotoka kiwandani na mkono sakafuni zilibakishiwa ufito mmoja unaopanda hadi kwenye nguzo kwa ajili ya hilo tu, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Kuuoanisha na mkono wa dukani kunahitaji kikono chenye matundu mawili, la kebo na la ufito, na lile la kebo libaki umbali uleule kutoka kwenye shafti. Ukimaliza, zima injini gari likiwa D na uzungushe ufunguo kuelekea kwenye kufuli. Ukikubali kufika, kazi haijaisha.