Mtumbwi Usio na Usukani

Aina za mashairi yetu twaziita bahari. Jina hilo latufaa sisi tuliolelewa kwa mlio wa mawimbi, lakini limetusahaulisha kwamba Kiswahili kina maji mengine. Mtunzi wa Mbeya au Iringa anapotaka kutaja chombo, aghalabu huazima jahazi, tanga na usukani, vitu visivyotumika kwao. Nasi wahakiki wa pwani humsifu kwa kuazima huko, tukakuita ukomavu. Kosa hili ni letu kabla ya kuwa lake.

Tuitazame methali tuipendayo: chombo cha kuzama hakina usukani. Ipeleke Matema, wilayani Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, uone itakavyokwama. Mtumbwi wa huko huchongwa kwa gogo moja. Hauna ubao wa kuungwa, wala msumari, wala usukani. Kafi ndilo lisukumalo na ndilo lielekezalo. Uwazi wake wa juu ni mwembamba kuliko tumbo, hata mpiga kafi huketi juu ya kingo, miguu ikiwa ndani. Kwa chombo hicho vyungu vya Wakisi vimekuwa vikivushwa kutoka Ikombe kwenda sokoni, na vikafika. Basi hapo kukosa usukani si dalili ya kuzama. Ni namna nyingine ya kusafiri, ambamo mkono utendao kazi ndio uchaguao njia. Mshairi anayetunga juu ya uongozi, au juu ya ndoa, angepata humo maana ambayo jahazi haliwezi kumpa.

Au tumchukue mbasa, samaki ambaye wasemao Kiingereza humfananisha na samoni ijapokuwa si wa ukoo huo. Mvua zinapojaza mito, huliacha ziwa akaupanda mkondo kwenda kutaga katika changarawe. Wavuvi humngoja kwenye midomo ya mito, na nyavu zikizidi hapo hunaswa kabla ya kutaga. Hiyo ni sababu mojawapo ya kupungua kwake. Katika tungo zetu mto hushuka baharini, nao umri hushuka pamoja nao. Mbasa hutufunza kinyume: uhai uko juu ya mkondo, na hatari iko mlangoni.

Iringa nayo ina Bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980 katika Mto Ruaha Mkuu, mpakani na Dodoma. Humo wavuvi hupita kati ya miti iliyofia majini imesimama. Mti uliochongwa waelea. Uliobaki na mizizi yake umekufa. Je, taswira hiyo yahitaji kupambwa kwa tanga?

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika Ziwa Viktoria, alipotoa Kichomi mwaka 1974, mabishano yalishikilia vina na mizani. Suala la maji ambayo mshairi huchota taswira zake halikupewa uzito kama huo. Nadhani ndilo lililokuwa kubwa zaidi, maana mizani hufundishika, bali jicho lililozoeshwa kudharau kwao halirudi upesi.

Wala tusijione wageni wa jambo hili. Ngalawa yetu, ukiivua tanga na matengo yake, hubaki nini? Mtumbwi, gogo la mwembe lililochimbwa kwa tezo. Anayemcheka mchongaji wa Matema amcheka babu yake mwenyewe.