Jina la Jalada na Mkono wa Mtunzi

Desturi za Wasuaheli ilipotoka Göttingen mwaka 1903, jina lililowekwa mbele lilikuwa la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili huko Berlin. Tafsiri yake ya Kiingereza ilipotoka Marekani mwaka 1981, jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari lilikuwa limeingizwa ndani ya anwani ya kitabu, na baada yake wakatajwa Waswahili wengine. Mfasiri alikuwa J.W.T. Allen, Mwingereza aliyefanya kazi Tanganyika miaka mingi, akakusanya miswada ya pwani na kuhariri kazi kadhaa kubwa za Tanga. Orodha ya miswada na kanda aliyoiandaa kwa maktaba ya chuo kikuu, Dar es Salaam, ilichapishwa mwaka 1970. Kumrudishia mtu kazi yake kuna kanuni zake, na kanuni hizo zinafaa kujulikana na kila anayeshika karatasi za kale za ukoo wake.

Tuanzie Tanga. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy ndiye mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliohaririwa na Allen na kuchapishwa mwaka 1955. Anwani yake inataja mwaka 1307 wa Hijria. Mwaka huo uliingia mwishoni mwa Agosti 1889, na Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani (Wadachi wa anwani), alinyongwa Pangani Desemba hiyohiyo. Kwa hiyo tarehe inauhusisha utenzi na vita vyenyewe. Hemedi anajulikana pia kwa tenzi nyingine, kama Kutawafu Nabii na Abdirrahmani na Sufiyani, na hapo mchambuzi anapata cha kulinganisha. Ukoo wenyewe ulikuwa wa wenye elimu na kalamu: mwanawe, Sheikh Ali bin Hemedi, alikuwa kadhi na aliandika kuhusu mirathi na nikahi.

Lakini ukoo na tarehe havitoshi, maana mswada ulipita mikononi mwa wanakili. Hapo ndipo mizani na vina vinapofanya kazi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kinabeba kina kinachorudi hadi tamati. Chukua ubeti ambao vipande viwili vya mwanzo vinaishia kwa “mto” na “wito”, kisha cha tatu kinaishia kwa “macho”. Kina kimevunjika. Weka “mato”, kama wasemavyo Lamu na Mombasa, na kina kinarudi mahali pake. Umeshajua mambo mawili: mtunzi alitumia umbo la kaskazini, na aliyenakili aliandika alivyozoea kusema. Mizani peke yake isingekuambia, kwa kuwa maneno yote mawili yana silabi mbili.

Hati ya Kiarabu huongeza ugumu. Be moja ingeweza kusomwa b, p au mb, na fe ikasomwa f au v. Ndiyo maana kanda za sauti zina thamani kubwa katika mkusanyo kama ule wa Allen: msomaji aliyeupokea utenzi kwa kusikia hutamka kile ambacho karatasi imekificha.

Kuna pia suala la sahihi. Watunzi wengi wa tenzi hujitaja katika beti za mwisho kwa jina, nasaba na mji, na baadhi huhesabu hata beti. Jina lililofungwa ndani ya vina ni gumu kulibadilisha bila kuuvunja ubeti. Mnakili, kwa kawaida, huandika jina lake chini, kwa nathari. Kuchanganya majina haya mawili ndiko kunakozaa migogoro. Muhammad Kijuma wa Lamu aliwaandikia miswada wataalamu wa Kizungu Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, nayo ikafika Ulaya. Utendi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913 unatajwa kwa jina lake, ilhali kisa cha Liyongo ni cha kale kuliko yeye. Kwa maoni yangu, Kijuma anastahili heshima ya msanii aliyekipa kisa umbo la kudumu, na heshima hiyo isichanganywe na umiliki wa kisa.

Kitabu cha Habari za Wakilindi hakina utata mkubwa wa namna hiyo. Abdallah bin Hemedi ’lAjjemy, aliyekuwa liwali Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, alitajwa kama mwandishi tangu misheni ya UMCA ilipoanza kuichapa kwa sehemu.

Tofauti ya Mtoro ni kwamba kazi yake ilichapwa na mtu mwingine, mbali na kwao. Ushahidi mzuri zaidi uko katika kitabu cha miaka miwili kabla. Katika Safari za Wasuaheli, cha mwaka 1901, Velten aliacha majina ya wasimulizi, na mmoja wao ni Mtoro, aliyeeleza safari yake ya Udoe hadi Uzigua pamoja na mila za Wadoe. Hiyo ni nathari yake isiyo na shaka: jinsi anavyopanga habari za mila na istilahi anazochagua. Maandishi hayo ndiyo kipimo cha kuisomea Desturi. Velten mwenyewe alimtaja Mtoro katika dibaji, lakini mwenye kunukuu hunukuu jalada.

Na Mtoro hakuwa mbali kazi ilipokuwa ikiandaliwa. Alikuwa Berlin tangu 1900, akifundisha Kiswahili katika chuo alichofundisha Velten. Mwaka 1904 alioa Mjerumani, na mwaka uliofuata alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe, wakuu wa koloni walimzuia Dar es Salaam. Alifia Berlin mwaka 1927. Ludger Wimmelbücker alifuatilia maisha yake katika nyaraka, na kitabu chake, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2009, kinamwita mwandishi waziwazi. Nakubaliana naye kabisa, na naona wanaonukuu “Velten 1903” bila kumtaja Mtoro wanaendeleza dhuluma ambayo dawa yake imeshapatikana.

Wamebaki wale Waswahili wengine wa anwani ya 1981. Anwani ya 1903 inataja mambo mawili, desturi na habari za sheria, na ningeanza kwa kuzitenga sehemu hizo, kisha kupima kila sura kwa maandishi ya Mtoro ya 1901. Sura itakayofuata mpangilio na istilahi zake ihesabiwe yake. Itakayokataa kipimo hicho ina mwenyewe mwingine, na atafutwe kwanza kati ya wasimulizi waliotajwa kwa majina katika kitabu hichohicho cha 1901.