Kiuno cha Jiko

Jiko la makaa la Kenya, lile lenye udongo ndani na bati nje, ni pana juu, limebanwa katikati, kisha linapanuka tena chini. Limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuliza kwa nini lina kiuno. Mimi nashikilia kuwa kiuno hicho ni mojawapo ya kazi bora za uhandisi zilizowahi kufanyika Nairobi, na hakingepatikana bila mafundi wa jua kali, wale wa karakana ndogo zisizo rasmi.

Jiko la zamani lilikuwa bati tupu. Bati hupitisha joto upesi, kwa hiyo moto mwingi ulipotelea ubavuni, na sufuria ikapata kama asilimia 10 hadi 20 tu ya nishati ya makaa. Mapema miaka ya 1980, kipindi ambacho Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mbadala (1981), wataalamu walichukua mfano kutoka Thailand: jiko la umbo la ndoo, lenye kauri ndani ya bati. Kauri huzuia joto lisitoroke na kulirudisha kwenye makaa.

Kwenye karatasi, kazi ilikuwa imekwisha. Jikoni, ilikuwa haijaanza. Ndoo ni nyembamba chini, na anayesonga ugali hukandamiza mwiko kwa nguvu zake zote. Jiko lisilo na kitako kipana humwagia mpishi chakula na moto. Tena kauri na bati havitanuki sawasawa vinapopata joto. Vikigusana moja kwa moja, kauri hupata nyufa.

Hapo ndipo wabunifu, Max Kinyanjui akiwa mmoja wao, pamoja na mashirika kama KENGO, walipolazimika kukaa na mafundi na kubadili umbo lenyewe. Mwili ukawa koni mbili za bati zilizounganishwa kwenye ncha zao nyembamba. Koni ya chini inatoa kitako kipana, mlango wa hewa na nafasi ya majivu. Koni ya juu inabeba kauri, na kauri inakalia kiuno kwa uzito wake. Kwa kuwa inafunika nusu ya juu peke yake, jiko linakuwa jepesi na udongo unaohitajika ni kidogo. Katikati ya kauri na bati hupakwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi ambayo huzuia joto na kuipa kauri nafasi ya kutanuka. Wavu wa makaa ni matundu yaliyotobolewa kwenye kitako cha kauri yenyewe.

Tazama vifaa vinavyohitajika kwa mwili huo: mkasi wa bati, nyundo, kipande cha reli cha kufulia, na bati la pipa kuukuu. Koni hukatwa kwa kufuata kiolezo na kukunjwa kwa mkono, bila mashine ya kulehemu wala umeme. Fundi aliyekuwa akitengeneza majiko ya zamani hakulazimika kununua chochote kipya isipokuwa saruji, vamikulaiti na kauri, na hiyo kauri aliipata kwa wafinyanzi. Bei haikupewa ruzuku. Karakana zilivyoongezeka, ushindani uliishusha, na kufikia miaka ya 1990 majiko haya yalikuwa kwenye mamia ya maelfu ya nyumba. Umbo likavuka mipaka hadi Tanzania, Uganda na Rwanda, kila mahali likirekebishwa kwa udongo wa pale.

Udhaifu umebaki kwenye kauri. Fundi wa bati anayetaka kuuza rahisi hununua kauri isiyoiva vizuri tanurini, au hubana saruji, au huacha kabisa vamikulaiti. Dukani, majiko mawili yanafanana. Tofauti hujitokeza baada ya miezi michache ya moto, kauri inapomeguka na mwenye nyumba kubaki na bati tupu lililokuwa likikimbiwa. Miradi mingi ya majiko huanza kwa kuchora umbo jipya. Fedha za miradi hiyo zingefaa zaidi kwa mfinyanzi, zimjengee tanuri linalofikisha joto la kutosha na kulishikilia hadi kauri iive.