Kifuniko Kisichotoka Jasho

Tunduma mwezi wa sita haina mzaha. Jua likishazama upande wa Zambia, upepo unaopita barabara kuu unapenya hata jaketi la dereva wa lori, na muuza kahawa ya birika anapata wateja kuliko muuza soda. Ndiyo miezi hiyohiyo ambayo epo hujaa kwenye mikokoteni na mabeseni, kuanzia stendi mpaka karibu na geti la mpaka. Kamusi zinaliita tunda hili tufaha. Lakini ukimwagiza Mzanzibari tufaa, atakuletea tunda lake jekundu lenye kokwa moja kubwa katikati, ambalo na hili la mkokotenini hayana udugu wowote. Basi hapa tuseme epo, kama asemavyo muuzaji.

Epo nyingi za Tunduma zinatoka mbali. Zinachumwa Rasi ya Magharibi ya Afrika Kusini, mabonde ya Elgin na Ceres, ambako mavuno huchanganya kati ya Februari na Mei, majira ambayo kule majani ya miti yanapukutika na watu wanaanza kutafuta vyakula vya kupasha mwili. Kutoka huko mpaka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, ni kilomita 4,000 hivi kwa lori, ama kwa mipaka ya Beitbridge na Chirundu, ama kwa kupitia Botswana na kuvuka daraja la Kazungula lililofunguliwa mwaka 2021. Aprili 2025 tunda hili liliingia hata kwenye siasa: Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alizuia mazao ya kilimo ya Afrika Kusini na Malawi yasiingie nchini, akijibu nchi hizo kuyawekea vikwazo mazao yetu, ndizi zikiwemo. Siku chache baadaye zuio likaondolewa. Zipo pia epo za kwetu, za Njombe, hasa upande wa Makete. Mimi nikizipata nazichukua, hata kama hazing'ai.

Lakini hoja yangu leo si biashara. Ni sufuria moja la epo za kuoka, lililopikwa uani kwa shemeji yangu mtaa wa Sogea bila oveni, likatoka vizuri kuliko langu ambalo nilikuwa nimelifuatilia kwa saa na kijiko cha kupimia. Nimekaa nikalichambua, na jibu nimelikuta mahali ambapo sikupatazamia: kwenye kifuniko.

Chakula chenyewe ni rahisi. Epo zinakatwakatwa, zinatiwa sukari na mdalasini, juu yake unamwagwa unga uliofikichwa na siagi mpaka ukawa kama mchanga wa mvua, halafu vinaokwa. Chini kunabaki laini na mchuzi mzito, juu kunakuwa na ganda la kahawia linalovunjika mdomoni. Waingereza wanakipika sana, na kilifaa hasa enzi za mgawo wa chakula, kati ya 1940 na 1954, kwa kuwa unga na mafuta yanayohitajika ni kidogo kuliko ya kusukuma chapati nzima ya kufunika bakuli. Kwa maneno mengine, ni chakula cha mwenye epo nyingi na siagi kidogo.

Mara ya kwanza nilipika kwa njia ambayo wengi tunaijua. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, sufuria dogo ndani yake, kifuniko cha alumini juu, jiko la mkaa chini. Keki nimeshapika hivyo zikakubali. Epo zilikataa. Baada ya saa nzima nilifunua, mvuke ukanipiga usoni, na nikakuta uji. Epo zilikuwa zimeiva, lakini lile ganda lilikuwa jeupe, limelowa, limeshikana kama ugali uliopoa. Nilipokishika kifuniko kwa kitambaa na kukiinamisha, maji yalichuruzika kwenye kiwiko.

Maji yale ndiyo kesi nzima. Epo kwa uzito ni maji kama asilimia 85. Kilo moja uliyoikatakata ina zaidi ya gramu 800 za maji, na yakipata moto yanapanda juu kama mvuke. Yakikutana na kifuniko ambacho mgongo wake unapigwa na baridi ya Tunduma, yanarudi kuwa matone na kuuangukia unga. Unga uliolowa hauwezi kupita joto la maji yanayochemka. Na ili unga na siagi vigeuke kahawia, vitoe ile harufu ya mkate, vinahitaji nyuzi 140 na kuendelea. Kwa hiyo hata ningekaa mpaka usiku wa manane, nisingepata ganda. Keki inavumilia kwa sababu unyevu wake mwingi umefungwa na mayai na unga. Epo hazina cha kuuzuia.

Hapo hapo kuna jambo la mwinuko. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na kila mita 300 hivi unazopanda zinapunguza karibu nyuzi moja kwenye joto la kuchemka. Maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 95 au chini kidogo. Anayepika maharage Tunduma baada ya kuishi Tanga anajua maana yake bila kuambiwa namba. Vipande vya epo navyo vinaivia ndani ya maji yake vyenyewe, kwa hiyo dakika 40 zilizoandikwa kwenye kitabu cha mtu wa pwani ya Uingereza, huku ni dakika 55.

Shemeji ni mtu wa Tanga aliyeolewa huku, na amekulia kwenye nyumba ya mkate wa kumimina. Nilipomweleza masaibu yangu hakuuliza habari ya unga wala sukari.

"Shemeji, ulipalia?"

Sikuwa nimepalia. Kupalia, kwa asiyeijua, ni kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko, ndiyo ile moto juu na chini ambayo mama wa pwani wanaokea mikate ya sinia wakati oveni haijulikani ilipo. Mimi niliichukulia kama njia ya kupata joto la ziada tu. Nilipomtazama akifanya ndipo nikaelewa kuwa inafanya kazi mbili, na ile ya pili ndiyo kubwa: kifuniko chenye makaa mgongoni hakitoki jasho. Mvuke ukikigusa unabaki mvuke, unatafuta mwanya pembeni na kutoka. Wakati huohuo, joto kavu linashuka moja kwa moja juu ya unga. Kosa langu lote limezibwa kwa makaa kumi na tano.

Niliyahesabu. Chini ya sufuria aliacha vipande sita vidogo, tena amevisogeza pembeni ili katikati pasiungue. Juu ya sinia la chuma lililokuwa kifuniko alipanga kama kumi na tano, vingi ukingoni na vichache katikati. Mtu asiyezoea angefanya kinyume, kwa sababu mikono yetu imefundishwa kwamba moto ni wa chini. Kati ya sinia na mdomo wa sufuria alichomeka kijiti cha unene wa kalamu upande mmoja, mvuke upate njia. Hicho kijiti nisingekifikiria hata kwa mwaka.

Kabla ya moto alikuwa ameshapunguza maji kwa njia nyingine. Epo sita, kama kilo moja, alizimenya na kuzikata vipande vya unene wa kidole cha mtoto, akazinyunyizia vijiko vinne vya sukari na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, akaziacha dakika 20. Sukari ilivuta maji yakajaa chini ya bakuli. Yale maji hakuyamwaga. Aliyachuja kwenye kisufuria, akayachemsha mpaka yakawa mazito kama asali mbichi, akayarudisha juu ya vipande. Utamu wote umerudi, ila maji mengi yamekwenda na upepo. Alitia mdalasini, karafuu mbili zilizopondwa, na nusu ya ndimu. Nusu, si nzima. Ndimu inazuia vipande visigeuke rangi, lakini ukali wake pia unaukaza ule utomvu unaozishikilia nyama za tunda, na ukizidisha, epo zitakaa ngumu saa nzima na utalaumu mkaa.

Kuchagua epo kuna maneno yake. Zile nyekundu zilizokoza, ndefundefu, zenye vinundu vitano chini, ambazo Afrika Kusini wanaziita Starking, ndizo zinazopendwa mkokotenini kwa sababu zinang'aa. Kwa kuoka hazifai. Zikishakaa stoo muda mrefu nyama yake inakuwa unga, na kwenye moto inageuka lojo lisilo na ladha. Chukua za kijani, Granny Smith, zilizoanzia kwa bibi mmoja aliyeitwa Maria Ann Smith nje kidogo ya Sydney, Australia, miaka ya 1860. Ni kali, ngumu, na zinashika umbo. Ukiona ukali umezidi, changanya nusu na za manjano. Na usiogope fungu la zilizopondeka. Wauzaji huzitenga jioni na kuzishusha bei, na kisu kikiondoa palipobonyea, iliyobaki ni epo kamili. Shemeji hununua hizo tu, na husema hajaona mtu akitazama ganda la epo iliyo chini ya unga.

Sasa unga. Hapa aliniacha mbali. Mimi nilitumia ngano tupu, vikombe viwili. Yeye alitumia kikombe kimoja cha ngano, nusu kikombe cha unga wa ulezi, na kiganja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa kidogo tu, vipande vionekane. Ulezi ndio nafaka ya wenyewe huku, ya Wanyiha na Wanyamwanga, kwa uji na kwa pombe, na yeye aliutia kwa sababu ulikuwepo ndani. Lakini ukitazama kitaalamu, ndio uliookoa ganda. Ngano ikipata maji inavuta, kama unavyoona chapati inavyonyumbuka, na kwenye ganda hili mvuto huo ndio adui, kwa kuwa unaunganisha chembe kuwa tonge moja. Ulezi hauvuti kabisa. Chembe zake zinabaki mbalimbali, zinakauka kila moja kivyake, na zinatoa rangi nzuri hata kabla ya kuokwa, jambo ambalo nakiri linadanganya jicho: usiupime uivu kwa rangi, sikiliza mlio wa kijiko ukigonga juu.

Siagi ilikuwa ya mkebe, gramu 100 hivi, na asubuhi ya Juni ilikuwa ngumu kama sabuni bila kuwekwa kwenye friji. Kwa kazi hii baridi ya Tunduma ni mali. Siagi ngumu ukiifikicha kwa ncha za vidole inabaki vipande vidogo ndani ya unga, na kila kipande kikiyeyuka motoni kinaacha tundu. Ungefanya hivyo Dar es Salaam mchana, kabla hujamaliza kufikicha ungekuwa umekanda. Vijiko viwili vya sukari vikaingia mwisho. Alimwaga unga juu ya epo bila kuubonyeza. Mimi nilikuwa nimeubonyeza kwa mgongo wa kijiko, upendeze.

Jiko lilikuwa nje, kwenye kibaraza, na hapo hapo akaongeza onyo ambalo nalirudia hapa kwa kuwa msimu ndio huu: mkaa ukiisha kazi ya kupika usiingizwe chumbani kuota moto na milango imefungwa. Hewa yake haina harufu na inaua.

Baada ya nusu saa alipangusa majivu juu ya sinia, akaongeza makaa manne mapya. Hakufunua. Alinisogeza nitazame ule mwanya wa kijiti: mvuke uliokuwa ukitoka mnene umekuwa mwembamba, na harufu imebadilika, kwanza ya mdalasini, sasa ya karanga. Dakika ya 50 alinyanyua sinia kwa koleo na kulisogeza taratibu, jivu lisidondoke. Pembeni ya sufuria mchuzi ulikuwa unachemka polepole, povu lake zito linapasuka kama uji wa ulezi wenyewe. Povu likiwa jepesi na la haraka, maji bado ni mengi. Alirudisha kifuniko kwa dakika tano nyingine.

Halafu akatuzuia tusile. Mchuzi wa epo ukitoka motoni ni mwepesi, unahitaji kama robo saa ya kupoa ndipo ule utomvu wa tunda uushike. Mimi ningeipakua palepale na kuiita imeharibika. Makaa ya juu aliyamimina jikoni, akaweka birika la kahawa ya Mbozi. Maji hayajaanza hata kuimba, watoto walikuwa wameshafika ukingoni mwa sufuria na vijiko, pale ambapo ganda liliungua kidogo.

"Nani kafunua?" akauliza bila kugeuka.

Hakuna aliyejibu, midomo ilikuwa na kazi.