Heko, walimu wa riadha

Mwaka 1978 Henry Rono, Mkenya aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Washington State nchini Marekani, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Hadi leo makocha wa vyuo vya Marekani wanatafuta wakimbiaji Bonde la Ufa. Nawavulia kofia walimu wanaomwandaa kijana kabla simu ya kwanza ya kocha haijalia. Wanapitia naye cheti cha KCSE, wanahakikisha muda wake wa mita 1,500 umeandikwa ulivyo, bila kupunguzwa hata nukta moja, kisha wanamzoesha kuuliza: ufadhili ni kamili au nusu? Chakula na malazi vimo? Nikiumia goti, je? Hilo la mwisho wengi huona haya kuliuliza. Wazazi, msitie saini chochote kabla mwalimu hajakisoma.