Kijivu cha Gene Colan

Ukurasa wa katuni za Marekani, ukiwa bado wa penseli, una alama ambazo mnunuzi wa kitabu hazioni kamwe. Ndani ya koti la mtu, chini ya gari, kwenye kona ya chumba, utakuta herufi x ndogo ndogo zimetawanyika. Kila x ni agizo: hapa pajazwe weusi tii. Mchoraji hakuona sababu ya kuchosha mkono kwa kukoleza eneo zima wakati mwenzake anakuja na brashi na atalijaza kwa mipigo michache. Pembezoni, nje ya fremu, kuna mwandiko wa haraka unaoeleza nani anamkimbia nani na kwa nini, kwa kuwa katika kampuni ya Marvel miaka ya 1960 mara nyingi picha zilitangulia, mwandishi akatia maneno baadaye. Wino ukishapita na kukauka, raba inafuata. Zile x zinaondoka, na mistari ya kutafuta bega lilipo inaondoka pamoja nazo. Kinachobaki ndicho kinachokwenda kiwandani.

Utaratibu huu ulitokana na haraka. Kitabu cha kila mwezi hakimngoji mtu, kwa hiyo kazi ikagawanywa: mmoja wa penseli, mmoja wa wino, mmoja wa herufi, mmoja wa rangi. Lakini wino wenyewe ulikuwa lazima kwa sababu nyingine. Kamera zilizopiga picha kurasa kwa ajili ya uchapaji zilijua mambo mawili tu, weusi na weupe. Kijivu cha penseli mbele ya kamera hizo ama kilipotea ama kiligeuka madoa. Wachoraji wengi wakajifunza kuanza na penseli ya bluu hafifu, rangi ambayo filamu ile haikuiona hata kidogo, ili wasihangaike kuifuta.

Yaani katika biashara hii penseli ilikuwa kazi ya kufutwa. Ninachokistaajabia ni kwamba watu walioshika penseli walimimina humo moyo wao wote, wakijua vizuri raba iko mlangoni.

Ukitaka kuelewa kwa nini, itazame penseli yenyewe. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, ambaye nchi yake ilikuwa vitani na Uingereza na hivyo kukatiwa grafaiti safi ya Borrowdale, alipata hataza ya kuchanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi kisha kuuchoma tanuruni. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu; ukipungua, inakuwa laini na nyeusi zaidi. Herufi zote tunazozisoma ubavuni mwa penseli, H za ugumu na B za weusi, pamoja na HB ya kila mwanafunzi, zinategemea kipimo hicho cha udongo. Na mti wake si mti wowote: unatakiwa uwe na nyuzi zilizonyooka, usipasuke unapochongwa. Wamarekani wana mwerezi wa California. Ulaya, enzi za ukoloni, walichukua pia mtarakwa kutoka nyanda za juu za Kenya, mti ambao kwetu Tanzania huitwa mwangati.

Kila mchora katuni ana mapatano yake na hizo herufi. Penseli ya H huacha mstari mwembamba, safi, lakini ukiikandamiza inachimba mfereji kwenye karatasi, na mfereji haufutiki kwa raba ya aina yoyote. Penseli ya 2B inateleza kwa raha, ila kiganja kikipita juu yake kinabeba nusu ya uso wa shujaa mpaka fremu ya jirani; ndiyo maana wengi huweka kipande cha karatasi safi chini ya mkono. Wapo wanaochonga kwa wembe au kisu, si kwa kichongeo, ili risasi ya penseli itokeze ndefu na iweze kulazwa ubavu. Kulaza huko ndiko siri kubwa. Kwa ncha unachora ukope. Kwa ubavu, bila kubadilisha chombo, unachora wingu. Karatasi nayo inashiriki: ina vimeno vidogo vinavyokwangua grafaiti, na mkono mwepesi hugusa ncha za vimeno tu huku mkono mzito ukijaza mpaka mabonde yake.

Mstari wa wino upo au haupo. Mstari wa penseli unaweza kuwepo kidogo. Mchoraji asiye na hakika na pembe ya kiwiko hupitisha mistari mitano hafifu, halafu hukoleza ule mmoja ambao jicho limeukubali. Ile minne inabaki nyuma ikitetemeka, na mara nyingi ndiyo inayoupa mkono mwendo. Wakati wa kutia wino, minne inafutwa. Kiwiko kinakuwa sahihi, ila kimesimama.

Si kila mchoraji alipoteza kiasi hichohicho. Jack Kirby, mzaliwa wa New York wa mwaka 1917, aliyechora kurasa tatu au zaidi kwa siku, alikuwa na penseli iliyokwisha kuamua. Weusi wake aliujaza mwenyewe, mistari yake ilikuwa mizito na yenye pembe, na Mike Royer alipotia wino kazi za Kirby za miaka ya 1970 aliifuata hatua kwa hatua. Vince Colletta, kabla yake, ana sifa nyingine: alifuta watu na majengo ya nyuma ili amalize mapema. Mashabiki hawajamsamehe mpaka leo. Tusimwonee sana, alilipwa kwa ukurasa na tarehe ya kukabidhi haikuwa na huruma. Lakini ni vigumu kutazama nakala ya penseli ya Kirby yenye umati wa watu barabarani, kisha ukurasa uliochapishwa wenye barabara tupu, bila kuumia.

Mtu wa penseli ninayemtaka hasa ni mwingine. Gene Colan alizaliwa Bronx mwaka 1926 na alipenda sinema, hasa zile za upelelezi zenye barabara zilizolowa mvua na taa moja ya mtaani. Alimchora shujaa Daredevil kwa miaka mingi kuanzia 1966. Mwaka 1969 yeye na mwandishi Stan Lee walimtoa Falcon, shujaa Mmarekani Mweusi. Kuanzia 1972 hadi 1979 alichora matoleo yote 70 ya The Tomb of Dracula, na humo ndani, mwaka 1973, yeye na mwandishi Marv Wolfman walimwingiza mwindaji mmoja aitwaye Blade. Waliojazana kwenye mabanda ya video kumtazama Wesley Snipes akiwafyeka wanyonya damu walikuwa wakimtazama kijana aliyezaliwa kwenye ncha ya penseli ya Colan robo karne kabla.

Tazama uso katika penseli zake. Wachoraji wengi huzungusha mstari wa shavu kwanza, halafu huweka kivuli ndani yake. Kwa Colan mara nyingi mstari huo haupo. Kuna kijivu kinachokuja kutoka gizani, kinapungua taratibu, kinafika mahali kinakoma, na hapo kinapokoma ndipo shavu lilipo. Miili yake haisimami wima. Inaanguka, inapinda, koti linageuka moshi na moshi unageuka ukuta. Ukungu wa London katika Dracula haukuwekwa nyuma ya watu kama pazia. Watu wametengenezwa kwa ukungu huohuo, kwa ubavu wa penseli uleule, wakakolezwa kidogo zaidi.

Sasa mpe mtia wino ukurasa huo. Ni kama kumwambia mpiga ngoma apige wimbo wa zumari. Ana weusi mmoja tu, na mbele yake kuna vijivu ishirini visivyo na mpaka. Anaweza kukata mpaka kwa nguvu, na wapo waliofanya hivyo. Uso ukatoka bapa, Colan akaonekana mchoraji wa kawaida mwenye watu wanaoyumba bila sababu. Anaweza kuvunja kijivu kuwa mistari myembamba iliyopangwa sambamba, minene ikielekea gizani, myembamba ikielekea kwenye nuru. Anaweza kubandika plastiki yenye vitone ambavyo jicho, kwa mbali, huvichanganya likadhani ni kivuli.

Mtia wino Tom Palmer alizijua njia zote na alijua ipi iende wapi. Katika Dracula utamkuta akitumia brashi kwenye koti, kalamu ya nibu kwenye mikunjo ya jicho, vitone kwenye ukuta wa nyuma, na pengine akiacha weupe mtupu mahali ambapo Colan alikuwa ameweka kijivu hafifu mno, akitegemea msomaji aone mwenyewe. Ninaamini hakuna ushirikiano bora zaidi katika katuni za Marekani za muongo ule. Hata hivyo weka ukurasa wa Palmer kando ya nakala ya penseli iliyouzaa. Wa Palmer una nguvu na unasomeka. Wa penseli una hewa ndani yake.

Mwaka 1984 kampuni ya DC ilijaribu kumwondolea Colan mtu wa kati. Nathaniel Dusk, hadithi ya mpelelezi wa New York wa mwaka 1934 iliyoandikwa na Don McGregor, ilichapishwa moja kwa moja kutoka kwenye penseli, bila wino. Lilikuwa jambo la ujasiri, na sitasema kila ukurasa umefanikiwa. Kwa macho yangu rangi iliyowekwa juu ya kijivu mara nyingine inakitia matope, na mistari hafifu imezama. Lakini pale ilipokubali, moshi wa sigara unapanda mbele ya dirisha na unaona kabisa upande gani mkono uliinama.

Upande wa pili wa bahari alikuwapo mtu ambaye ungedhani hana undugu wowote na Colan. Hergé, baba wa Tintin, anasifika kwa mstari mmoja safi, wenye unene sawa, usio na kivuli. Penseli zake zinasema habari nyingine kabisa. Alipita na kupita juu ya mwili uleule, akikandamiza, akifuta, akirudia, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, akitafuta jinsi mtu anayekimbia anavyoegemea. Kisha kutoka kwenye ghasia hiyo alichagua mistari michache na kuinakili kwenye karatasi nyingine kwa ajili ya wino. Alipofariki mwaka 1983 aliacha hadithi ya Tintin na sanaa ya alfabeti ikiwa bado rasimu, nayo ilitolewa vivyo hivyo mwaka 1986. Mbwa Milou humo ana miguu mingi kuliko aliyopewa na Mungu, na hajawahi kukimbia kwa kasi namna ile katika kitabu chochote kilichokamilika.

Vitabu vilivyokuwa nje ya mbio za kila mwezi vilipata uhuru mapema zaidi. Raymond Briggs wa Uingereza alichora The Snowman, kilichotoka 1978, kwa penseli za rangi tupu, bila mstari wa wino na bila neno. Mwaka 2006 Shaun Tan wa Australia akatoa The Arrival, hadithi ya mhamiaji anayeiacha familia yake na kuingia mji asiojua hata herufi zake, yote kwa penseli. Safari ya meli ameionyesha kwa mawingu: kurasa mbili za fremu ndogo ndogo, kila moja na wingu lake, jeusi, jembamba, lililopasuka, lililotulia, siku baada ya siku. Sijui ni mtia wino gani angeweza kupokea kurasa hizo. Na kwa kuwa kitabu hakina maneno, msomaji wa Kiswahili anakipokea sawasawa na mwingine yeyote.

Siku hizi skana inaona kila kijivu, na kizuizi cha kamera kimebaki hadithi. Kichekesho ni kwamba wakati huohuo wachoraji wengi wamehamia kwenye tableti, na programu zao zimejaa penseli: kuna HB, kuna 2B, ukiinamisha kalamu ya plastiki unapata ubavu wa risasi, na mtu fulani amekaa ofisini akiiga vimeno vya karatasi ambayo haipo. Sidharau. Wameelewa kitu gani hasa wachoraji wasingekubali kukiacha nyuma.

Colan aliendelea na karatasi. Presha ya macho ilikuwa imemharibia uwezo wa kuona kwa kiasi kikubwa, naye alikuwa amevuka miaka 80, Marvel ilipomrudishia Captain America kwa toleo moja, namba 601, la mwaka 2009. Ed Brubaker alimwandikia hadithi ya Vita vya Pili vya Dunia yenye wanyonya damu, wageni ambao mkono wake uliwafahamu kuliko mkono wowote uliokuwa hai. Mistari imelegea hapa na pale, na kuna nyuso mbili tatu ambazo Colan wa 1975 angezirudia. Vivuli havijalegea. Mwaka uliofuata toleo hilo lilipewa tuzo ya Eisner ya toleo bora moja, na mwaka 2011 Colan akafariki. Lilichapishwa kutoka kwenye penseli zake kama alivyoziacha mezani: aliyefungua ukurasa wa majina akitafuta nani ametia wino hakuona jina la mtu.