Nilimfuta mlinzi, mfungwa naye akapotea: lawama yangu kwa BioNetGen

Hebu tuanze ndani ya seli zako mwenyewe. Humo kuna protini iitwayo NF-κB, iliyoelezwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore. Inawasha jeni za kinga ya mwili, lakini muda mwingi imeshikwa na mlinzi wake, IκB. Ishara ya hatari ikifika, IκB inabandikwa fosfati, kisha inavunjwavunjwa na proteasomu. Mlinzi kaondoka, NF-κB iko huru, inaingia kwenye kiini cha seli.

Sasa andika hayo kwa BNGL, lugha ya BioNetGen. Ni lugha ya kanuni: huorodheshi kila mchanganyiko wa protini, unasema tu nani akishikana na nani kinatokea nini. Wazo hilo nalipenda kweli. Basi nikaandika:

IkB(s~P) -> 0 kd

Inasomeka vizuri, au siyo? IκB yenye fosfati inafutika. Nikaendesha modeli, na NF-κB huru karibu haikupanda kabisa. Siku mbili nzima nikawa nahangaika na vigezo vya kasi. Kumbe shida ilikuwa kwenye kufuta. Kanuni ya BNGL ikifuta kila ilichokitaja upande wa kushoto, inaondoa kundi zima lililoshikamana. NF-κB, ambayo sikuitaja popote, ilikwenda na mlinzi wake, na programu ikamaliza kazi kama kawaida.

Dawa ni neno moja, DeleteMolecules, mwishoni mwa kanuni. Limo kwenye mwongozo, sikatai. Na uamuzi wao una mantiki mahali fulani: kipokezi cha EGF kikimezwa na seli hadi kwenye lisosomu, mara nyingi kinameng'enywa pamoja na EGF iliyokishika. Lakini anayeandika jina moja anategemea kufuta kitu kimoja.

Kappa, lugha ndugu, imechagua kinyume: anaondoka uliyemtaja tu, na aliyekuwa ameshikana naye anabaki mkono wazi. Ubaya wake ni kwamba kanuni inambadilisha mtu ambaye haikumtaja. GP 2 ya Chuo Kikuu cha York ni kali kuliko zote. Nodi ikiwa na kiungo ambacho kanuni haikukitaja, haifutiki, kanuni haifanyi kazi. Moyoni napenda ukali huo, ila kwa baiolojia ungetulazimisha kuandika kanuni moja ya IκB iliyo peke yake, nyingine ya iliyoshika NF-κB, na kadhalika, yaani orodha ileile tuliyoikimbia. Kwa hiyo kura yangu naipa Kappa.

Kama uko BNGL na huna mpango wa kuhama, chora jumla ya NF-κB yote, huru na iliyofungwa. Ikiwa hakuna kanuni inayoitengeneza wala kuiharibu, mstari lazima uwe umelala. Wangu ulikuwa unashuka tangu siku ya kwanza, sema sikuwahi kuuchora.